Una dola 500 na bunduki ya kwanza: iache AR, chukua .22

Msomaji ananiandikia kutoka Ohio: “Mwalimu, habari za kazi. Nina miaka 34, nabeba boksi hapa Columbus, na grini kadi nimeipata mwaka juzi. Jamaa wa kazini wamenizoesha kwenda nao kulenga shabaha, sasa nataka bunduki yangu mwenyewe, nusu-otomatiki, ya kuanzia. Bajeti ni dola 500 na haiongezeki, mama watoto ameshanionya. Dukani nimeona AR ya dola 549, muuzaji anasema tutaelewana. Wenzangu wanasema nichukue hiyo hiyo, eti .22 ni ya watoto. Baadaye ningependa kwenda porini kuwinda pia. Wewe unasemaje?”

Ndugu yangu, iache hiyo AR, yaani bunduki ya mtindo wa AR-15, hapo rafuni. Chukua .22, yaani bunduki ya risasi ndogo yenye kipenyo cha inchi 0.22 hivi, nusu-otomatiki, ya dola 300 au chini yake, na kinachobaki kiingie kwenye risasi, vikinga masikio na sanduku la kufungia.

Tuanze na hiyo 549, maana siyo bei utakayotoka nayo mlangoni. Juu yake kuna kodi ya mauzo: jimbo la Ohio linachukua asilimia 5.75, na kaunti inaongeza yake. Utajikuta karibu na 590 hujanunua hata risasi moja. Tuseme mmeelewana, kakushushia mpaka 480. Weka kodi tena: umeshapita 500. Unatoka na bunduki begani, huna miwani, huna vikinga masikio, huna pa kuifungia, na nyumbani una maswali ya kujibu.

Halafu kuna risasi, na hapa ndipo wengi wanapoanguka kwa sababu muuzaji hazungumzii risasi mpaka umeshakubali bunduki. Risasi ya .22 Long Rifle ya kawaida, ukinunua boksi kubwa la mia tano, inakuja kama senti 8 kwa moja. Ya .223, ambayo ndiyo risasi ya AR, ile ya mazoezi ya bei ya chini kabisa, ni kama senti 45, na ikitokea hofu ya siasa au uchaguzi inapaa. Tuseme unakwenda uwanjani mara mbili kwa mwezi na unapiga risasi 100 kila safari, ambacho ni kiasi cha kawaida cha mtu anayejifunza. Kwa mwaka ni risasi 2,400. Kwa .22 umetumia dola 192. Kwa .223 umetumia dola 1,080. Hiyo tofauti ya 888 inanunua AR nyingine na chenji inabaki.

Mtu mwenye bajeti kama yako halipi hiyo 1,080. Anachofanya ni kupunguza safari. Nimewaona kwa miaka: kijana ananunua AR mwezi wa tatu, anakuja na boksi mbili, anazimaliza kwa dakika kumi kwa sababu wenzake wanarekodi video, kisha simwoni mpaka mwezi wa tisa. Na mwezi wa tisa analenga vile vile alivyolenga mwezi wa tatu. Aliyenunua .22 anakuja kila wiki mbili na kopo lake, na kufika mwezi wa tisa yule wa kwanza anamwomba amrekebishie vyuma vya kulengea.

Kuhusu “.22 ni ya watoto”, ngoja nikuonyeshe ninachowafanyia wanafunzi wangu wakubwa. Kuna risasi za bandia za plastiki, hazina baruti, zinafundishia tu. Mwanafunzi anageuka kando, mimi najaza magazini yake kwa kuchanganya: tatu za kweli, moja ya bandia, mbili za kweli, moja ya bandia. Hajui ipi iko wapi. Anapiga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ni ya bandia: anavuta triga, inalia “kli”, hakuna mlipuko, na hapo kila aliyesimama nyuma yake anaona mdomo wa mtutu ukitumbukia chini kama ndoano ya mvuvi iliyodonolewa. Jicho lake limefumba. Bega limesukuma mbele. Ule mshtuko alikuwa nao kwenye risasi zote zilizotangulia, ila mlipuko ulikuwa unauficha.

Mshtuko huo ndio unaokosesha watu shabaha kuliko ubovu wa bunduki yoyote. Na hautoki kwa kuambiwa, unatoka kwa kupiga risasi nyingi zisizokutisha. AR kwa kweli haina teke kubwa, watu wanalitia chumvi tu. Kinachomshtua anayeanza ni ule mlipuko unaompiga usoni, hasa chini ya paa la bati kukiwa na mwenzake pembeni. Sauti yake inapita desibeli 160. Ya .22 ya mtutu mrefu inakaribia 140, ambayo bado inaharibu masikio, kwa hiyo usije bila vikinga, lakini haikufanyi ukunje uso kabla hujavuta triga.

Sasa namna zinavyofanya kazi, kwa ufupi, kwa sababu itakusaidia dukani. Nusu-otomatiki maana yake ukivuta triga mara moja inatoka risasi moja, ganda linatupwa nje, na risasi inayofuata inaingia yenyewe kwenye chemba, yaani pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa kabla ya kupigwa. Ukitaka ya pili, achia triga, vuta tena. Kwenye AR kazi hiyo inafanywa na gesi inayochepuka kutoka kwenye mtutu na kurudi nyuma kwa kibomba chembamba. Kwenye .22 nyingi hakuna gesi wala kibomba: ni uzito wa bolti, kile chuma kinachoifunga chemba kwa nyuma, na springi tu. Risasi inapotoka mbele, ganda linasukuma bolti nyuma, springi inairudisha, basi. Vyuma vichache, bei ndogo. Ila kwa kuwa bolti inategemea nguvu ya risasi yenyewe, ukiipa risasi dhaifu haitarudi nyuma vya kutosha, nayo itakwama. Nitarudi hapo.

Ipi hasa? Ya kwanza ninayomtajia mtu ni Ruger 10/22. Imetoka 1964 na mpaka leo inatengenezwa, zimeuzwa kwa mamilioni, na kipuri chake chochote kinapatikana. Ile ya kawaida kabisa, ya mtutu wa inchi 18.5, ina uzito wa kilo mbili na robo hivi, na dukani mara nyingi utaipata kati ya dola 250 na 350. Kilichoibeba ni magazini: ya risasi kumi, ya kuzunguka ndani kwa ndani, inakaa sawasawa na kitako bila kutokeza. Magazini ndicho kitu kinachokwamisha .22 nyingi za bei ndogo, na hii walipatia mapema.

Ina kasoro zake. Mbili uzijue. Ukimaliza risasi, bolti ya ile ya kawaida haibaki wazi; inajifunga kama bado kuna kitu. Anayeanza anasikia “kli”, anadhani risasi imegoma au anadhani imeisha, hajui ipi. Kwa hiyo jizoeze kuhesabu, na kila ukisita hesabu mpaka thelathini mtutu ukielekea shabahani, toa magazini kwanza, kisha vuta bolti, kisha angalia chemba kwa jicho, na kama kuna giza tia kidole kidogo. Utaratibu ni huo huo siku zote. Ukivuta bolti kabla ya kutoa magazini umejipakia risasi nyingine bila kujua, na ajali nyingi za “nilidhani haina kitu” zinaanzia hapo. Kasoro ya pili: kiwiliwili cha ile ya kawaida kimezibwa nyuma, huwezi kupitisha fimbo ya kusafishia kutokea kwenye chemba. Watu wanaipitisha kutokea mdomoni, wanakwaruza ukingo wa mtutu pale risasi inapotokea, na shabaha inaharibika taratibu wakiwa wanalaumu darubini. Nunua ile kamba ya kusafishia, inayoingizwa upande wa chemba na kuvutwa mbele. Ni dola kumi na kitu.

Kama hata 300 inakubana, kuna Savage 64 na Rossi RS22. Zote mbili zinabeba risasi kumi kwenye magazini ya kuchomoa, zote mbili mara nyingi ziko chini ya 10/22 kwa dola mia au zaidi. Rossi ni ya Brazili, kitako cha plastiki, triga nzito kidogo. Sizidharau. Nina mwanafunzi, mama mtu mzima, anapiga Rossi yake vizuri kuliko wengi wenye bunduki mara tatu ya bei. Ukichukua mojawapo, nunua na magazini ya pili siku hiyo hiyo, kwa sababu siku itakapoanza kukwama swali la kwanza litakuwa kama ni bunduki au ni magazini, na bila ya pili huna namna ya kujua.

Zilizotumika ni habari nyingine. Utakutana sana na Marlin Model 60, iliyoanza 1960 na kuuzwa kwa mamilioni kabla ya kusimamishwa. Ina shabaha nzuri kwa bei yake. Magazini yake ni bomba chini ya mtutu, unachomoa fimbo na kudondosha risasi moja moja. Tatizo la bomba ni wakati wa kuitoa risasi: moja inaweza kubaki ndani imejificha, na ukivuta bolti inapanda. Kwa mtu wa kwanza kabisa mimi napenda magazini inayochomoka.

Ukiishika iliyotumika pale kaunta, omba ruhusa kwanza, mwachie muuzaji aifungue na akuonyeshe haina kitu, kisha na wewe angalia. Elekeza mtutu pasipo na mtu, hata ikiwa tupu. Tazama ukingo wa mdomo wa mtutu chini ya taa: uwe mviringo safi, usiwe na kibonyeo wala mkwaruzo. Weka karatasi nyeupe kwenye chemba iliyo wazi, angalia ndani kutokea mbele. Michirizi ya ndani ya mtutu ionekane inazunguka kwa ukali, siyo vishimo vya kutu. Piga sefti, yaani kifungio cha usalama, uvute triga, isilie. Rudisha sefti, vuta bolti nyuma uiachie: ijifunge kwa nguvu, isijiburute. Pitisha kucha ukingoni mwa chemba, pale chini pini inapopigia. Risasi za .22 zina fataki, yaani kiwashio cha baruti, kwenye ukingo wa ganda, kwa hiyo pini inapiga pembeni, na .22 ya zamani iliyofyatuliwa tupu mara nyingi huwa na kibonyeo hapo kinachofanya risasi ziingie kwa shida. Ukikuta kibonyeo, shukuru na uondoke. Usishtuke ukikosa namba ya utambulisho kwenye .22 ya kale: kabla ya sheria ya 1968 watengenezaji hawakulazimishwa kuziweka. Lakini namba iliyokwanguliwa ni jambo jingine. Hiyo usiiguse.

Sasa turudi kwenye kukwama. .22 nusu-otomatiki itakwama. Usiamini anayekuambia yake haijawahi. Risasi yenyewe ni teknolojia ya 1887, ya ledi (madini ya risasi) na nta ya nje, inachafua, na ile fataki ya ukingoni haijai sawasawa kila mara. Utakachoona mara nyingi ni ganda limebanwa wima pale maganda yanapotokea, linachungulia juu kama bomba la moshi wa jiko: limetoka nusu, bolti imelikamata. Kidole mbali na triga, mtutu unabaki ulikoelekea, toa magazini, vuta bolti, ganda linaanguka. Ikijirudia kila magazini, badilisha risasi kabla hujamkasirikia mtengenezaji. Zile zilizoandikwa kasi ya chini au za kimya zinakwamisha bolti kwa sababu nilizokueleza. Anza na za risasi ya gramu 2.6, yaani greini 40, za kasi ya juu. CCI Mini-Mag ni ghali kidogo lakini naitumia kama kipimo: bunduki ikikwama hata na hiyo, basi ni uchafu au magazini. Nunua boksi ndogo ndogo za aina nne, piga zote, andika. Kila .22 ina risasi inayoipenda, na hakuna mtu anayeweza kukuambia yako itapenda ipi.

Mambo mawili usiyafanyie mzaha. Ukivuta triga ikalia “kli” na risasi ilikuwemo, hesabu mpaka thelathini mtutu ukiwa unaelekea shabahani kabla ya kufungua bolti. Fataki nyingine huchelewa. Na ukisikia mlio mfu, “puf” badala ya “pa”, simama. Usipige nyingine. Risasi inaweza kuwa imebaki katikati ya mtutu, na ya pili ikiifuata mtutu unaweza kupasuka. Ondoa kila kitu, hakikisha mwanga unapita tunduni.

Upande wa karatasi umenieleza una grini kadi, kwa hiyo mlango uko wazi. Mkazi wa kudumu anaruhusiwa kununua. Utajaza Fomu 4473, fomu ya shirikisho ya kununulia bunduki, ambayo ina sehemu ya namba yako ya uhamiaji, na kitambulisho chako kiwe na anwani unayokaa sasa. Kama umehama na leseni ya udereva bado ina anwani ya zamani, chukua na hati nyingine ya serikali yenye anwani mpya, kwa mfano usajili wa gari. Duka linaulizia mfumo wa ukaguzi wa FBI, ule ulioanza 1998, na jibu linakuja kwa dakika chache au linasema subiri.

Watu wetu tunasubirishwa sana. Ukiitwa Juma au Mohamed au Hassan, kuna watu wengi wenye jina na mwaka wako wa kuzaliwa, na mmoja wao ana kesi. Usigombane na kijana wa kaunta, hana la kufanya. Ikiwa kila mara unasubirishwa, FBI wana utaratibu wa kuomba namba ya pekee, UPIN. Unapeleka alama za vidole, wanakufungulia jalada, na ununuzi unaofuata unaijaza namba hiyo kwenye fomu. Namba ya hifadhi ya jamii kwenye fomu siyo lazima, lakini kwa mwenye jina la kawaida inasaidia kumtenganisha na majina wenzake.

Soma maswali ya fomu moja moja, usijaze kwa kuiga ya rafiki. Kuna swali la bangi, na fomu yenyewe inasema wazi kwamba jimbo kuihalalisha hakubadilishi sheria ya shirikisho. Uongo kwenye fomu hiyo ni kosa la jinai, na kwa mwenye grini kadi kosa la jinai halimaliziki na faini.

La mwisho kwenye sheria, na hili naliandika kwa sababu limeshamfika mtu ninayemfahamu: binamu yako aliye hapa kwa viza ya masomo atakuomba. Ama umnunulie kwa pesa yake, ama umpe apige mbili tatu uwanjani. Kumnunulia mtu huku ukitia saini kwamba ni yako ni kosa ambalo tangu sheria ya 2022 linaweza kufika miaka 15 jela. Na mwenye viza ya muda, kwa kawaida, haruhusiwi hata kuishika na kuipiga uwanjani, isipokuwa ana leseni halali ya uwindaji ya jimbo lolote la Marekani au anaingia kwenye vighairi vingine vichache vya sheria. Mwambie aanze na leseni. Akinuna, anune.

Na wewe usomaye haya ukiwa jimbo jingine, usichukue ya Ohio ukaipeleka kwako. Illinois wanataka kwanza kadi ya FOID, kibali cha jimbo cha kumiliki bunduki. New York wanataka leseni kwa bunduki ndefu nusu-otomatiki. Washington wanataka uwe na miaka 21 hata kwa .22 nusu-otomatiki.

Uwindaji. Hapa .22 inakupa zaidi ya AR, ingawa wenzako watabisha. Ohio hairuhusu .223 kwa paa, yule mnyama wanayemwita deer. Bunduki za mtutu wenye michirizi zinazoruhusiwa kwa paa ni za risasi zenye ganda lililonyooka, na ganda la .223 limebana shingoni. Kwa hiyo ile AR ya 549 msimu wa paa ingekaa nyumbani. .22 itakupeleka kwa kindi na sungura kihalali, na kindi juu ya mti ni mwalimu mzuri. Kwa kawaida utatakiwa kumaliza kozi ya usalama wa uwindaji kabla ya leseni ya kwanza. Ila kumbuka: risasi ya .22 inaweza kusafiri maili moja na nusu. Ukipiga kindi kwenye tawi mbingu ikiwa nyuma yake, hujui inaangukia kwa nani. Subiri ashuke usawa wa shina.

Kwa hiyo 500 yako iende hivi. 10/22 kama 300, kodi ikiingia 325. Vikinga masikio na miwani 40. Risasi, boksi moja la 500 na boksi nne za majaribio, 70. Kamba ya kusafishia na mafuta 20. Sanduku la kufungia, hata la chuma chepesi, 45 lililobaki, na kama unahitaji zaidi ya hapo basi chukua Rossi uhamishie tofauti kwenye sanduku. Una watoto. Kile kikufuli cha waya kinachokuja na bunduki kitumie, lakini kisiwe peke yake. Risasi zikae chumba kingine. Darubini usinunue. Darubini ya dola 40 inahama kila mara, na vyuma vya kulengea vilivyokuja na bunduki vinakutosha kabisa mpaka yadi 50. Ukishaiweka sawa kwa yadi 50, kwa yadi 100 risasi itakuwa imeshuka sentimita 15 hivi. Umbali huo uache mpaka mwakani.

Je, kuna mtu ninayemwambia anunue AR kwanza? Yupo: anayejua tayari kwamba anataka mashindano ya bunduki hiyo, na ana bajeti ya risasi. Siku ukifika hapo, chukua ya jina linalojulikana, kama Ruger AR-556 au M&P15 Sport ya Smith & Wesson, na hakikisha chemba imeandikwa 5.56, risasi ya kijeshi inayofanana na .223, kwa sababu hiyo inapokea na .223. Chemba iliyoandikwa .223 peke yake usiipe 5.56, shinikizo lake ni kubwa zaidi.

Siku ya kwanza uwanjani, mwambie msimamizi kwamba ni bunduki mpya na ni ya kwanza. Hawacheki, wanakupa meza ya pembeni. Shabaha iwe yadi 25, mtutu uegemee mfuko wa mchanga. Magazini mbili za mwanzo tia risasi moja moja: weka moja, piga, fungua, angalia, weka nyingine. Kisha tano tano. Usirekebishe vyuma vya kulengea kwa risasi moja iliyokwenda kushoto. Subiri tano zikae pamoja, hata kama zimekaa pamoja mahali pasipo, ndipo usogeze. Ukichoka au ukiona tundu zinaanza kutawanyika, funga, hata kama risasi zimebaki. Nawa mikono na uso kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kumshika mtoto, kwa sababu ya ledi. Ile karatasi ya kwanza iandike tarehe na jina la risasi uliyotumia, ikunje, itie kwenye boksi la bunduki.